Je, wajua kwa nini nesi wa California haongezewi mgonjwa wa sita?

Chukua wodi ya kawaida ya watu wazima katika hospitali yoyote ya California, saa sita na nusu mchana. Nesi mwenye wagonjwa watano ana njaa. Kwetu angemwambia mwenzake, "Niangalizie hawa, narudi sasa hivi," akaenda. Kule hawezi. Mwenzake naye ana watano, na akipokea hao watano wengine atakuwa na kumi, na hospitali itakuwa imevunja sheria ya jimbo. Lazima aje nesi wa tatu, asiye na wagonjwa wake saa hiyo, akabidhiwe kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake inaisha saa saba, yule asile wala asinywe kitu, anasubiri upasuaji. Makabidhiano yakiisha ndipo wa kwanza anakwenda kula.

Kuna mtu aliyekaa akaandika kwamba mwisho ni watano, na kwamba mwisho huo unabaki palepale hata wakati wa chakula. Walioshinikiza iandikwe hivyo ni manesi wenyewe, na iliwachukua zaidi ya miaka kumi ya siasa.

Chanzo chake ni miaka ya 1990. Kampuni za bima ya afya zilikuwa zinabana malipo, na hospitali nazo zikabana matumizi. Manesi wenye leseni walipunguzwa, nafasi zao zikajazwa na wasaidizi waliopata mafunzo mafupi. Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa salama kidogo, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 kanuni za jimbo ziliweka nesi mmoja kwa wagonjwa wawili. Wodi nyingine hazikuwa na kikomo chochote. Chama cha Wauguzi wa California, CNA, kikaamua kwamba kunung'unika kwa matroni hakutoshi, twende bungeni. Kiongozi wake wa miaka hiyo, Rose Ann DeMoro, hakuwa nesi hata kidogo. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na pengine ndiyo sababu hakuwa na aibu ya kugombana.

Muswada mmoja ulipita bungeni, lakini mwaka 1998 Gavana Pete Wilson akakataa kuutia saini. Mwaka uliofuata mbunge Sheila Kuehl akapeleka mwingine, na Oktoba 1999 gavana mpya, Gray Davis, akausaini. California ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwa na sheria ya aina hiyo kwa hospitali nzima.

Watu wengi husimulia habari hii na kuishia hapo, kwenye kalamu ya gavana. Mimi naona pale ndipo kazi ilipoanza. Sheria yenyewe haikutaja idadi. Iliiachia idara ya afya ya jimbo ipange. Basi yakaanza mambo ya sokoni. Kwa wodi za kawaida, hospitali zilitaka nesi mmoja kwa wagonjwa kumi. CNA ikataka watatu. Idara ikatoka na sita kuanzia Januari 1, 2004, washuke hadi watano mwaka 2005. Wodi ya watoto na chumba cha dharura wakapangiwa wanne, chumba cha upasuaji mmoja.

Wino haujakauka, hospitali zikaenda mahakamani kupinga maneno mawili tu: wakati wote. Zilidai haiwezekani kuhesabu hata dakika za nesi kwenda chooni au kula. Mwaka 2004 hakimu akazikatalia. Ndiyo maana leo kuna yule nesi wa tatu wa mchana. Wanasiasa hupigania vichwa vya habari, lakini aliyewahi kubaki peke yake na wagonjwa kumi anajua kwamba uzito wote wa sheria hii umo katika maneno hayo mawili.

Halafu akaja Arnold Schwarzenegger, mwigizaji aliyegeuka gavana, wakati huo akipendwa mno. Novemba 2004 serikali yake ikatoa amri ya dharura kuahirisha ile hatua ya watano. Mwezi uliofuata, manesi wakaingia kwenye mkutano mkubwa wa wanawake mjini Long Beach wakiwa na bango lao. Gavana, akiwa jukwaani, akawaambia wasikilizaji wawapuuze, hao ni wenye maslahi yao, na hawampendi kwa sababu kila siku anawachapa.

Alikosea hesabu. Kuanzia siku hiyo, kila alikokwenda manesi nao walikuwako: kwenye hafla zake za kuchangisha fedha, nje ya hoteli, hata kwenye uzinduzi wa filamu. Huko, nesi mmoja aliyevaa sare yake ya kazi aliwekwa pembeni na walinzi akahojiwa, na habari ikasambaa: mbabe wa sinema anamwogopa nesi? Machi 2005 mahakama ikasema amri yake ya dharura haikufuata sheria. Novemba, gavana akapeleka mapendekezo yake manne kwa wapiga kura, mojawapo likibana fedha za kisiasa za vyama vya wafanyakazi kama cha manesi. Walimu na wazima moto walishaungana nao. Yote manne yakaanguka, na mwezi huohuo serikali yake ikaacha kuipigania kesi ya ile amri ya dharura.

Kwa nini waliweza? Kwanza, kila mwaka shirika la Gallup huwauliza Wamarekani ni watu wa kazi gani wanaowaona waaminifu zaidi. Tangu manesi waingizwe kwenye orodha mwaka 1999 wamekuwa wa kwanza karibu kila mwaka. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, wazima moto ndio waliowapita. Mwanasiasa akimtukana mtu wa namna hiyo, anayechafuka ni yeye.

Pili, walikuwa na namba ambayo hata bibi aliyelazwa anaielewa. Mgomo wa manesi wa Kenya wa mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano, na neno lililowafikia wananchi wengi lilikuwa mkataba wa malipo. Madai ya haki kabisa, lakini mgonjwa hajioni ndani yake. "Nesi mmoja, wagonjwa watano" inamhusu moja kwa moja. Utafiti nao ukaongeza nguvu: mwaka 2002 Linda Aiken, mtafiti ambaye mwenyewe ni nesi, na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania. Kila mgonjwa mmoja zaidi kwa nesi alikwenda sambamba na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30.

Lakini kuaminika kuna mipaka yake. Mwaka 2018 chama cha manesi cha jimbo la Massachusetts kilipeleka kwa wapiga kura suala hilohilo la kikomo cha wagonjwa kwa nesi. Hospitali zikamwaga fedha kupinga, na tawi la chama kingine cha manesi nalo likasema hapana. Kwenye televisheni nesi mmoja anasema piga kura ya ndiyo. Tangazo linalofuata, nesi mwingine anaomba hapana. Takriban asilimia 70 wakapiga hapana.