Rangi za furu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wanaosema kuwa furu, samaki wadogo wa maziwa yetu, wanaong'aa na furu wa kijivu waliotoka kwenye wavu mmoja ni samaki wa aina mbili. Mara nyingi ni dume na jike. Mchukue Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume akiwa tayari kuzaa, mgongo huwa mwekundu, ubavu wa manjano, tumbo jeusi. Jike wake amefifia tu, na ukimweka kando ya jike wa Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa bluu, ni vigumu mno kuwatofautisha.

Dhana nyingine: rangi hiyo haibadiliki. La hasha! Kwa furu wengi, rangi kali ni ya mwenye eneo. Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika akifanikiwa kutwaa eneo, dakika chache tu zinatosha: mwili unakolea, mstari mweusi unatokeza machoni. Akinyang'anywa, anafifia hadi afanane na jike. Ni chembe za rangi ndani ya seli za ngozi: zikitawanyika rangi hukolea, zikirundikana katikati hufifia. Wekundu na manjano hutegemea sana karotenoidi, yaani rangi za asili ambazo samaki huzipata kwenye chakula tu. Bluu ni kazi ya fuwele ndogo za ngozini zinazorudisha mwanga.

Yale madoa ya manjano kwenye pezi la chini la dume, karibu na mkia, si ugonjwa. Jike akishayaokota mayai yake kwa kinywa huyadonoa madoa hayo yanayofanana na mayai, na hapo dume humwaga mbegu. Mayai hurutubishwa mdomoni humohumo.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba furu wa Ziwa Victoria walimalizwa na sangara peke yake. Sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, aliwala wengi mno, hilo halina ubishi. Lakini maji machafu nayo yana sehemu yake. Jike huchagua dume kwa rangi, na rangi inahitaji mwanga. Udongo unaosombwa na mvua na mwani unaoshamiri kwa mbolea na maji taka huuziba mwanga huo. Mwaka 1997 mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa, chini ya taa ambayo nyekundu na bluu hazitofautiki, majike waliacha kuchagua aina yao. Watoto wa mchanganyiko huo huzaa vizuri, kwa hiyo aina mbili huyeyuka kuwa moja bila samaki hata mmoja kuliwa.

Ziwani hali ni hiyohiyo. Katika Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, dume mwekundu ni mwekundu na wa bluu ni wa bluu. Kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yametibuka, na madume wengi wana rangi isiyo huku wala kule.