Cochise, chifu wa Waapache, na hema la Apache Pass

Tuanze na tahadhari kwa walimu na wanafunzi: hakuna picha ya kamera ya Cochise iliyothibitishwa. Sura zinazosambazwa mitandaoni kwa jina lake ni za watu wengine. Kinachojulikana vizuri ni matendo yake, na namna alivyotendewa.

Cochise alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika jamii ya Waapache wa Chiricahua, wenyeji asilia wa Amerika, kwenye milima ya eneo ambalo leo ni kusini mashariki mwa Arizona, Marekani. Kwa muda mrefu adui yake mkubwa alikuwa Mexico, ambako majimbo ya Sonora na Chihuahua yaliwahi kutoa zawadi ya fedha kwa kila ngozi ya kichwa cha Mwapache. Na Wamarekani hakuwa na ugomvi mkubwa. Tangu 1858 magari yao ya farasi, yaliyobeba barua na abiria, yalipita Apache Pass, njia kati ya milima penye chemchemi, naye akayaacha yapite.

Februari 1861 mambo yakaharibika. Mfugaji mmoja mlowezi alikuwa ameibiwa mifugo, na mtoto wa kambo aliyekuwa akimlea akatekwa. Luteni George Bascom wa jeshi la Marekani akatumwa kumtafuta mtoto huyo. Alipiga kambi Apache Pass, akamwita Cochise. Chifu alikuja na mkewe, ndugu yake Coyuntura, wapwa zake na watoto. Mtu mwenye nia ya vita haji na watoto. Wakakaribishwa hemani.

Bascom akamdai mtoto. Cochise akajibu kwamba waliomchukua ni Waapache wa kundi jingine, akajitolea kumtafuta. Alikuwa anasema kweli. Luteni hakumsadiki, akamweka chini ya ulinzi. Hapo Cochise akachomoa kisu, akapasua turubai la hema na kukimbilia mlimani huku risasi zikimwandama. Jamaa zake wakabaki mikononi mwa askari.

Naye akakamata Wamarekani, akaomba kubadilishana mateka. Bascom akakataa: mtoto kwanza. Cochise akawaua mateka wake, nalo jeshi likawanyonga Waapache sita, akiwemo Coyuntura. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na watu wa Cochise waliua wasafiri na wafugaji wengi wasiokuwa na hatia yoyote. Hilo halifichiki. Lakini kuandika kwamba Waapache walipigana kwa sababu ya ukatili wa asili, kama ilivyoandikwa kwa miaka mingi, ni kuwadhulumu mara ya pili.

Januari 1863 baba mkwe wa Cochise, Mangas Coloradas, alikwenda kuzungumza amani chini ya bendera nyeupe. Alikamatwa. Usiku walinzi walimchoma miguu kwa singe zilizopashwa moto, na alipolalamika wakampiga risasi. Taarifa ikasema alijaribu kutoroka. Kichwa chake kilikatwa baadaye. Cochise angemwamini vipi tena mwanajeshi?

Ndiyo maana yaliyotokea Oktoba 1872 yanastahili kufundishwa. Jenerali Oliver Howard, aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipanda milima ya Dragoon kumfuata chifu kambini kwake, bila kikosi cha askari. Aliongozwa na Tom Jeffords, raia ambaye tayari alikuwa rafiki wa Cochise. Howard alisubiri siku kadhaa mpaka makapteni wote wa Cochise, yaani viongozi walio chini yake, wakusanyike. Wakakubaliana: Wachiricahua wabaki katika milima yao, kwenye eneo lililotengwa kwa ajili yao, Jeffords awe msimamizi wa eneo hilo, na barabara ziwe salama. Kwa upande wa Arizona Cochise alitimiza, ingawa uvamizi wa kuingia Mexico haukukoma.

Alifariki kwa maradhi Juni 1874, akazikwa kwa siri kwenye milima hiyohiyo. Jeffords alipajua mahali. Alikufa 1914 bila kumwambia mtu.

Miaka miwili tu baada ya msiba serikali ililifuta eneo lile, ikaamuru Wachiricahua wahamie San Carlos, eneo jingine la Waapache huko Arizona, bondeni kwenye joto na maradhi. Baadhi walikataa, na mapigano yakaendelea hadi Septemba 1886, Geronimo, kiongozi mwingine wa Waapache, alipojisalimisha pamoja na Naiche, mwana wa Cochise. Wachiricahua walisafirishwa kwa treni hadi Florida, wakiwemo hata waliolitumikia jeshi la Marekani kama wapelelezi. Walishikiliwa kama wafungwa wa kivita hadi 1913, na watoto waliozaliwa kifungoni walihesabiwa wafungwa vilevile.