Kopo la filamu ya vita ulilolikuta darini

Kila Novemba, Uingereza inapowakumbuka wafu wa Vita Kuu ya Kwanza, simu za hifadhi yetu ya filamu hazipoi. Mmoja karithi makopo ya babu, mwingine kayanunua mnadani, na wote wanauliza kama wamepata kipande cha The Battle of the Somme.

Shauku hiyo naielewa. Katika filamu hiyo ya kimya ya 1916, iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell, askari anapita handakini kambeba mwenzake aliyejeruhiwa, na maandishi yanaeleza kwamba majeruhi yule alikufa muda mfupi baadaye. Nimeitazama mara nyingi, bado inanikaba koo. Lakini ile sehemu ya askari wanaopanda kutoka handakini, mmoja akateleza na kulala, watafiti wanaamini iliigizwa nyuma ya uwanja wa vita. Anayekuuzia kwa bei ya juu kama "kifo halisi" anakudanganya.

Sasa hatari. Mikanda ya milimita 35 ya enzi hiyo ni ya naitreti, aina ya plastiki inayoshika moto upesi. Ikishika moto hujitengenezea oksijeni, ikawaka hata ndani ya maji, na moshi wake ni sumu. Tafadhali, tuache hadithi za kuuzima kwa ndoo ya maji na blanketi! Harufu ya siki nayo ni dalili ya asetati inayooza, yaani plastiki ya mikanda ya baadaye, si naitreti. Naitreti huwa manjano, hunata, hutoa povu, mwisho hubaki unga wa kahawia. Neno SAFETY (usalama) lililochapwa ukingoni mwa mkanda halitoshi kukuhakikishia usalama, kwani alama za ukingoni huweza kunakiliwa kutoka mkanda mwingine.

Usiutie mkanda wa naitreti kwenye projekta. Usiutume kwa posta: kimataifa umeorodheshwa kwa namba UN 1324, daraja 4.1, yaani vitu yabisi vinavyowaka. Kusafirisha bila kutangaza ni kosa la jinai. Mzigo huzuiliwa na mtumaji anaweza kushtakiwa. Weka kopo penye baridi na ukavu, mbali na jua na jiko, wala usilizibe kwa tepu, gesi ipate pa kutokea. Piga picha ya lebo, kisha wasiliana na hifadhi ya filamu kabla ya kulisogeza popote.

Wengi hunyamaza wakihofia kunyang'anywa. Kuna mkataba wa zawadi, ambapo unatupa mkanda uwe wetu, na kuna wa amana. Ukisaini wa amana, sisi tunatunza na mkanda unabaki mali yako.