Je, wajua kwa nini histamini ni ngumu kupimwa kwenye damu?

Mrina asali wa Arua, Uganda, akivamiwa na nyuki, mwili ukavimba na pumzi zikambana, mhusika mkubwa ni histamini, kemikali inayomwagwa na seli za mzio. Ungedhani tone la damu yake litasema yote. Wapi! Histamini iliyo huru hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache. Hufika kilele dakika 5 hadi 10 tangu mzio uanze, na kwa kawaida saa moja haipiti kabla haijarudi chini. Bodaboda na foleni zikila saa mbili, majibu yatasoma "kawaida" na mgonjwa yuko hoi.

Kuna la kuudhi zaidi. Mtu asiye na mzio huwa na chini ya nanogramu 1 katika kila mililita ya plazma, yale majimaji ya damu. Lakini chembe nyeupe ziitwazo basofili zimebeba akiba kubwa mno. Vuta damu kwa pupa, tikisa tyubu au iache igande, nazo humwaga akiba hiyo. Kipimo kinapanda ilhali mgonjwa hana kitu. Ndiyo maana damu huwekwa kwenye tyubu yenye EDTA, kemikali inayoizuia isigande, ikatiwa kwenye barafu papo hapo, ikazungushwa kwenye sentrifuji yenye ubaridi, kisha plazma ya juu ikanyonywa bila kugusa utando wa chembe nyeupe. Kwa maoni yangu, maabara inayotaka kuboresha kipimo hiki ianzie hapa, kabla ya kuota mashine mpya.

Mashine nazo zimepiga hatua. Zamani walitazama kipande cha utumbo wa simbilisi kikijikunja kikiguswa na histamini. Mwaka 1959 ikaja njia ya kuifanya histamini ing'ae, ila spermidini, kemikali nyingine ya mwilini, nayo iling'aa na kuvuruga hesabu. Kingamwili zikajaribiwa ziinase, lakini molekuli ya histamini ni ndogo mno kushikika, hivyo hubadilishwa kwanza kikemia. Leo spektrometa ya masi huipima kwa uzito wake. Sampuli huongezwa kiasi kinachojulikana cha histamini yenye hidrojeni nzito: kinachopotea njiani hupotea kwa zote mbili sawia, na hesabu hurekebishwa.

Aliyechelewa kufika kutoka Koboko au Yumbe bado ana nafasi: triptazi, kimeng'enya kinachomwagwa pamoja na histamini, hufika kilele baada ya saa 1 hadi 2, na methilihistamini, zao la histamini iliyovunjwa mwilini, hupatikana kwenye mkojo. Daktari wala hasubiri majibu hayo ndipo achome adrenalini.