Kabla mwanao hajakiri kosa huko Marekani

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nkuhungu alikuja ofisini kwangu, simu mkononi. Mwanawe anaishi Marekani, ana kadi ya ukaazi wa kudumu, ile grini kadi. Amekamatwa kwa wizi wa dukani. Wakili aliyepewa na mahakama kamwambia akikiri atapata kifungo cha nje cha mwaka mmoja, jioni atalala kwake. "Si tushukuru Mungu, mwanangu?"

Nikamwomba ampigie palepale, kabla kijana hajasaini.

Huku kwetu kifungo cha nje ni nafuu. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani hesabu ni nyingine. Tangu mabadiliko ya 1996, wizi ulioadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi huhesabiwa miongoni mwa makosa mazito kabisa, hata kama kifungo chote kilisitishwa na mtu hakulala gerezani hata usiku mmoja. Akishaingia humo, karibu milango yote ya kumwomba hakimu wa uhamiaji amwache abaki inafungwa. Siku 364 hazimfikishi huko. Bado zaweza kumsumbua, hasa kama hajatimiza miaka 5 tangu aingie, lakini ana mahali pa kujitetea. Siku moja! Ndiyo sababu majimbo kama Washington, mwaka 2011, na New York, 2019, yalishusha ukomo wa adhabu za makosa madogo hadi siku 364.

Kijana ana haki ya kumuuliza wakili wake jambo hili. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Jose Padilla, kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kutamhatarisha kufukuzwa nchini. Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa mkaazi wa kudumu zaidi ya miaka 40 na aliwahi kulitumikia jeshi lao. Alikiri kosa la bangi baada ya wakili kumtoa hofu.

Wengine huambiwa faili litafutwa baadaye. Kwa uhamiaji, mara nyingi ukishakiri na ukapewa adhabu yoyote, umetiwa hatiani, hata mahakama ya jimbo ikifuta.

Na wazazi wenzangu, tafadhali: mwenye kesi ya zamani msimwite nyumbani kwa msiba au harusi kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji. Kutoka ataruhusiwa. Wakati wa kurudi, anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege.