LFP ni nini? Betri ya chuma na fosfati kwa mtu wa Mwanza anayetafuta gari la umeme

Shemeji yangu anakaa Bugando, juu kabisa, kule ambako bodaboda ikipanda na abiria wawili lazima mmoja ashuke. Mwezi uliopita alinitumia picha mbili za magari ya umeme. Gari lile lile, rangi ile ile, ila moja limeandikwa kilomita 450 na jingine 350. "Shem, mbona muuzaji analipigia debe hili linaloishia njiani? Eti ni LFP. LFP ndiyo nini?"

LFP ni jina linalotaja kilichomo ndani ya betri. L ni lithiamu, P ni fosfati, na F ni ferrum, chuma kwa Kilatini. Lithiamu isikubabaishe: imo hata kwenye betri ya simu yako, kwa hiyo mtu akikwambia gari lina "betri ya lithiamu" bado hajakwambia kitu. Tofauti iko upande chanya wa betri, ule unaoitwa kathodi, ambao huachia lithiamu unapochaji na kuipokea unapotembea. Kwenye LFP kathodi imetengenezwa kwa chuma na fosfati. Kwenye mpinzani wake, NMC, ni nikeli, manganizi na kobalti.

Hapo ndipo bei inapoanzia. Chuma kimejaa duniani, na fosfati ni ndugu wa ile ya Minjingu tunayotia shambani. Kobalti kwa sehemu kubwa inachimbwa Kongo, ni ghali, na bei yake haitulii. Betri isiyohitaji kobalti wala nikeli ni rahisi kuitengeneza kwa wingi.

Aina hii ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, na ilitangazwa mwaka 1997. Mzee huyo huyo, mwaka 1980 akiwa Oxford, ndiye aliyekuwa ameionyesha dunia kathodi ya kobalti iliyokuja kuwasha simu na kompyuta zetu. Alipata Nobeli ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Mwanzoni LFP haikupitisha umeme vizuri, mpaka walipojifunza kuisaga iwe chembe ndogo sana na kuipaka kaboni.

Lakini maelezo ya maabara hayakunielewesha kama alivyonielewesha fundi mmoja pale Mwaloni, Kirumba, anayetengeneza betri za taa za wavuvi wa dagaa. Alifungua boksi la plastiki mbele yangu. Ndani zimepangwa seli nne, kila moja imeandikwa volti 3.2. Nne ukizifunga kwa mfuatano unapata 12.8, karibu sawa na betri ya asidi tuliyoizoea. Akaweka mita: 13.2. Akawasha taa, tukaenda kunywa chai na kupiga soga mpaka nikachelewa nilikokuwa naenda. Tuliporudi mita ilisoma 13.1. "Unaona, kaka? Hii haikuagi. Ile ya asidi taa inaanza kufifia, mvuvi anajua arudi. Hii inakupa, inakupa, halafu inakunyima."

Ni mtungi wa gesi huo. Moto wa jiko unawaka vile vile mtungi ukiwa umejaa na ukiwa nusu, na hata ukibaki robo huwezi kuapa, mpaka siku maharage yamefika katikati ndipo unazimika. Volti ya LFP hukaa tambarare kwa sehemu kubwa ya safari yake, na huruka au kuporomoka ncha mbili tu, ikikaribia kujaa na ikikaribia kuisha. NMC inashuka taratibu kama maji kwenye ndoo, kwa hiyo kipimo cha gari kinaitazama volti na kujua kilichobaki.

Gari lenye LFP basi hufanya kama muuza duka asiyeweza kuona stoo yake: linaandika kwenye daftari umeme ulioingia na uliotoka. Daftari likikosea kidogo leo na kidogo kesho, baada ya wiki kadhaa kioo kinasema asilimia 22 wakati ukweli ni 14. Dawa ni kuhesabu mali upya, na mahali pa kuhesabia ni kule juu, volti inaporuka. Ndiyo maana Tesla, kwa mfano, inawaambia wenye betri za LFP wachaji hadi asilimia 100 walau mara moja kwa wiki, wakati wenye NMC wanashauriwa kuishia 80 au 90 kwa matumizi ya kila siku.

Hapa watu wengi wanapitiliza. Utasikia LFP "inapenda" kujazwa. Haipendi. Betri yoyote ya lithiamu ikikaa imejaa pomoni kwenye joto inazeeka haraka zaidi. LFP inavumilia tu kuliko wenzake. Unajaza ili daftari liwe sahihi, kisha unaliendesha gari. Ukisafiri mwezi mzima ukaliacha gari uani, liache nusu.

Kwenye umri LFP inashinda wazi. Kwa kawaida inahesabiwa mizunguko 2,000 hadi 3,000 ya kujaza na kumaliza kabla uwezo haujashuka hadi kama asilimia 80. NMC hutajwa 1,000 hadi 1,500. Fanya hesabu: mizunguko 2,000 mara kilomita 300 ni kilomita 600,000. Miaka itaichosha betri hiyo kabla barabara haijaichosha. Usalama nao upo upande wake, kwa sababu fosfati imeishika oksijeni yake kwa nguvu na haiiachii kirahisi betri ikipata joto kali. Sisemi haiwezi kuungua. Inahitaji kuchokozwa zaidi ndiyo iwake.

Udhaifu wake ni viwili. Ni nzito kwa umeme ule ule, na ndiyo maana gari la shemeji linaishia 350. Na inachukia baridi. Karibu na nyuzi sifuri inachaji kwa kusuasua, na chini ya hapo kuichaji kunaweza kuiharibu, hivyo gari huipasha moto kwanza au hukataa. Malalamiko mengi utakayoyasoma kuhusu LFP yameandikwa na watu wenye theluji mlangoni. Mwanza usiku wa baridi ni nyuzi 17 hivi. Ruka hizo kurasa.

Sasa kilomita. Betri ya uniti 51 (uniti ile ile ya LUKU, kilowati-saa moja), kwa gari linalokula uniti 16 kila kilomita 100, inakupa kama 300 za kweli, si 350 za kwenye tangazo. Geita ni kama kilomita 120, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Unaenda na kurudi bila kuchaji. Musoma, kama 220, unafika lakini kurudi utafute soketi kwa mwenyeji wako na ulale. Kwa mizunguko ya Igoma, mjini, Nyegezi, soketi ya kawaida inatosha: ampea 10 kwa volti 230, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni kama uniti 18, zaidi ya kilomita 100. Kwa uniti ya takribani shilingi 350 hiyo ni kama 6,300. Ila waya wa nyumba ukaguliwe kwanza. Soketi iliyozoea kuchaji simu haijawahi kubeba ampea 10 kwa saa nane mfululizo.

Shemeji ana jambo lake la pekee, nalo ni kile kilima. Gari la umeme likiteremka hugeuza mota kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa asilimia 100 haina pa kuuweka. Kwa hiyo asubuhi anayotoka Bugando akiwa amejaza, atahisi gari haling'ang'anii kama jana, na mteremko wote ataumaliza kwa breki za mguu. Si ubovu. Nilimshauri usiku wa kujaza uwe mmoja kwa wiki, siku nyingine aishie 90, mteremko umjazilizie.

Halafu jina la gari halitoshi. MG4 ya uniti 51 ni LFP, ya uniti 64 ni NMC, na kwa nje huzitofautishi. Tesla Model 3 nayo imetoka kwa aina zote mbili. BYD walihamishia magari yao ya umeme kwenye LFP ya muundo wao, Blade, iliyotoka mwaka 2020. Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani, ambazo wengi wanaziulizia kwa sababu ya bei na usukani wa kulia, si LFP, na betri yake haina mfumo wa kuipoza zaidi ya hewa. Kwa hiyo usiulize mwaka wala kilomita tu. Omba picha ya kibandiko cha betri, na kwa Leaf hesabu vijiti 12 vya afya pembeni ya kipimo cha chaji. Vikiwa tisa, punguza bei au uondoke.

Shemeji amechagua la 350. Muuzaji ametuma picha ya tundu la kuchajia, na limetengenezwa kwa mfumo wa China, kwa hiyo sasa tunabishana kuhusu waya.