Sanaa ya harakati ni nini?

Sanaa ya harakati ni kazi ya msanii (wimbo, igizo, shairi, picha, mchoro wa ukutani) iliyotengenezwa makusudi kupinga dhuluma fulani au kudai haki fulani, kisha ikapelekwa mahali ambapo wahusika wataikuta. Dhuluma yenyewe lazima ijulikane ni ipi. Wimbo unaolalamika kwamba maisha ni magumu na binadamu hawana wema unaweza kuwa mtamu, tena wa kweli, lakini haujamdai mtu yeyote kitu. Kila msanii akihojiwa redioni hukwambia kwamba msanii ni kioo cha jamii. Sawa, ila kioo humwonyesha kila apitaye uso wake, mwizi na aliyeibiwa, na hakina ugomvi na yeyote kati yao. Sanaa ya harakati ina upande.

Wengi wakisikia jina hili huwaza hip hop, au vikundi vya maigizo vya mashirika. Jambo lenyewe ni la zamani zaidi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuanza kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na ilipoingia lugha ya watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja walikoishi watu wa hali ya chini, mambo yao nayo yakaingia.

Moja ya nyimbo zake, Kijiti, inasimulia tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alitoka matembezi usiku na mwanamume aliyeitwa Kijiti, akarudishwa maiti. Kijiti akavuka kwenda bara, sheria isimpate. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliogeuziwa kibao wakafungwa.

Angalia wimbo ule unavyofanya kazi. Hausemi kwamba wanawake wananyanyaswa, wala hauombi mahakama zitende haki. Unataja jina la mtu, unataja waliofungwa, unamweka jaji pale alipoketi. Aliyeusikia Unguja wakati ule alijua unazungumzia kesi gani. Kwa watu ambao hawakuwa na wakili wala gazeti la kuandikia malalamiko, jambo lililokuwa limefungwa mahakamani lilifunguliwa upya kwenye santuri, na safari hii walioketi kuhukumu ni wasikilizaji. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba akiwa bibi kizee. Kijiti hakukamatwa kwa sababu ya wimbo, lakini jina lake halijapata kupumzika.

Kutaja jina ni njia moja. Nyingine ni fumbo, na hapa washairi wa pwani hawana wa kuwafundisha. Lakini siku zikiwa mbaya hata fumbo halimkingi mtu, na Abdilatif Abdalla wa Mombasa hata hakujificha humo: mwaka 1968 aliandika kijitabu cha wazi, Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya Kenyatta. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani mfungwa akatuzwa tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Wanaodhani dola na sanaa ni paka na panya tu, siku zote, wakumbuke kisa hicho. Dola inaweza kuyapenda mashairi na kumchukia mshairi.

Mfano ninaouona umekamilika kuliko yote ni Kamirithu, kijiji kilicho karibu na Limuru, Kenya. Kati ya mwaka 1976 na 1977 wanakijiji, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wakulima wa vijishamba, walikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Wakawaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike tamthilia kwa ajili ya kituo hicho. Ikatoka Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Nitaolewa Nikipenda. Inamhusu Kigunda, mtu mwenye kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu na hati yake ukutani, na tajiri anayeinyemelea ardhi hiyo.

Ukiishia hapo utadhani waandishi wawili wasomi waliwaletea wanakijiji igizo. Haikuwa hivyo. Mazoezi yalifanyika hadharani, watu wakikaa na kukosoa. Mzee aliyeona muigizaji anakosea adabu za wazee wakizungumza alimsahihisha hapo hapo. Wafanyakazi walijua mshahara wa kibarua ni kiasi gani na unaliwa vipi na karo na deni la dukani; mambo hayo hayakuhitaji kubuniwa. Waliojua nyimbo na ngoma za enzi za Mau Mau walizileta. Wanakijiji ndio waliojenga jukwaa, la wazi, lenye viti vya watu zaidi ya 2000. Igizo lilipoanza Oktoba 1977 watu walifurika, wengine wakisafiri kutoka mbali.

Mwezi uliofuata kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila mashtaka karibu mwaka mzima. Mwaka 1982, wanakijiji walipotaka kuonyesha mchezo mwingine wakanyimwa ruhusa, polisi walifika Kamirithu na kulibomoa jukwaa lote. Hapo ndipo pa kujiuliza swali. Ngũgĩ alikuwa ameshaandika kwa Kiingereza riwaya kali mno dhidi ya watawala wapya, na hakuna aliyemgusa kwa ajili yake. Kilichowatia kiwewe wenye madaraka hakikuwa maneno pekee. Ni kwamba vibarua walikuwa wameketi pamoja jioni baada ya jioni, kwa lugha yao, wakijadili nani anamiliki ardhi na kwa nini.

Ndiyo maana usemi ule wa kuwa "sauti ya wasio na sauti" unanikera kidogo. Watu wa Kamirithu walikuwa na sauti tangu zamani, walichokosa ni jukwaa. Msanii anayesema kwa niaba ya watu bila kukaa nao huishia kusema anayoyadhani, na mara nyingi huwa ni huruma tupu.

Tanzania iliwahi kulifanyia kazi jambo hili kwa utaratibu. Miaka ya mwanzo ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo mkononi. Walianza kwa kuuliza watu kinachowasumbua, wakachambua nao, kisha wenyeji wakatengeneza maonyesho kwa ngoma na michezo waliyoizoea. Kati ya yaliyojitokeza ni mimba za wasichana. Baada ya onyesho unakuja mjadala, na mjadala ndio hasa shabaha. Igizo ni la kuufungulia mlango. Anayetaka kujua kama kikundi fulani kinafanya sanaa shirikishi ya kweli au kinapita tu vijijini kugawa ujumbe, aangalie dakika zile baada ya makofi. Gari likiwashwa kabla watu hawajasema kitu, basi lile lilikuwa tangazo.

Hapo tunagusa mpaka ambao ni mgumu kuchora. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi Tanzania waliombwa na Mwalimu Nyerere walieneze kwa mashairi, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikaenea mashuleni. Azimio lilizungumzia usawa na kupinga unyonyaji, yaani haki za kijamii hasa. Je, ngonjera zile ni sanaa ya harakati? Kwa maoni yangu, hapana, hata kama mshairi aliamini kila ubeti. Ngonjera ilikuwa na mtu mjinga anayeuliza na mwerevu anayejibu, na jibu lilikuwa limeshaamuliwa mahali pengine. Msanii hakuwa na nafasi ya kuuliza kama katibu kata naye hanyonyi. Sanaa inayoeneza sera ina kazi yake na heshima yake, lakini tuiite kwa jina lake. Nyimbo za kampeni za uchaguzi hazihitaji hata mjadala huo. Pale kuna mkataba.

Kwa upande wa picha, mtu anayetajwa sana Afrika Mashariki ni Boniface Mwangi wa Kenya. Alikuwa mpiga picha wa gazeti wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1100. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho ya picha za vurugu zile yaliyozunguka mijini na kuwekwa barabarani, si katika ukumbi wa kulipia. Uamuzi wa kuziweka mtaani ndio uliozigeuza picha za habari kuwa kitu kingine. Waliosimama kuzitazama walikuwa majirani wa waliochomewa nyumba, na huenda wengine walichoma. Mwaka 2012 yeye na wachoraji wenzake walichora kuta za Nairobi, wakimwonyesha mwanasiasa kama tumbusi. Mwaka 2013, wabunge walipodai nyongeza ya mishahara, waandamanaji aliowaongoza walimwaga damu ya wanyama na kuachia nguruwe mbele ya lango la Bunge. Kama kuachia nguruwe ni sanaa au ni maandamano tu, wabishi wabishane. Mimi nasema ni igizo, lililokuwa na jukwaa, wahusika na watazamaji, tena waigizaji wake hawakuhitaji mazoezi.

Wenye mamlaka huijibu sanaa ya aina hii kwa njia zisizobadilika sana: kibali, fungio, kamatakamata. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa wimbo wake Wapo, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia. Siku moja tu baada ya kukamatwa, Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri aongezee watu wengine wa kuwasema. Mashabiki walishangilia, nami naelewa kwa nini. Lakini wimbo unaopigwa kwa sababu mkubwa ameruhusu bado uko chini ya ruhusa. Na Aprili 2025 huko Nakuru, Kenya, wasichana wa shule ya Butere waliofika kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, baada ya mahakama kuamua waruhusiwe, walikuta mwandishi wao ametiwa nguvuni na ukumbi hauna watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, na nje polisi wakarusha mabomu ya machozi. Miaka zaidi ya 40 imepita tangu Kamirithu, na utaratibu ni ule ule.

Lipo swali ambalo vijana huuliza sana: msanii akilipwa, bado ni harakati? Siti alirekodi kwa kampuni ya santuri, na kampuni haikumpeleka Bombay kwa mapenzi ya haki. Mshairi anakula, mchoraji ananunua rangi. Kulipwa si dosari. Cha kuuliza ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kazi. Mfadhili anayetaka risiti za nauli ni wa kawaida. Mfadhili anayetaka mstari wa tatu uondolewe kwa sababu unamtaja mwenye shamba, huyo amenunua wimbo, na msanii akikubali, jina la mwenye shamba litabaki linatajwa kwa kunong'ona kama lilivyokuwa kabla hajaja.